Mara Tatu, Saa Sita Mchana

Kila alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, Bibi Towa alibonyeza birika lake la umeme mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kikombe kidogo cha marehemu mumewe, alichokiweka mbele ya picha kwenye madhabahu ya nyumbani. Mara ya pili kwa ajili yake. Kisha aliingiza miguu chini ya meza fupi yenye kipasha joto, akatafuna kipande cha figili ya kuchachushwa, akanywa. Ukimsemesha kabla kikombe hakijaisha, hakujibu.

Najua haya kwa sababu dirisha la jiko letu lilitazamana na la kwake, na mwaka ule nilikuwa nimeacha kwenda shule, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutazama. Watu wa Kamisawa, kijiji chetu cha mlimani, walinisema sana. Yeye alinipa kisu tu, tukamenya matunda ya kaki ya kuanika, hakuniuliza kitu.

Birika aliletewa na mwanawe Noriaki, mwezi wa kumi na moja, wiki mbili baada ya Mzee Genzo wa kitongoji cha chini kukutwa amekufa ndani kwake siku ya nane. Siku nane, magazeti yamerundikana mlangoni, na mwenye kuyaleta anaendelea kuyaleta. Wiki ile kila aliyekuwa na mzazi wa peke yake mlimani alishtuka. Noriaki alifanya kazi Saitama, karibu na Tokyo, kwenye kampuni ya kufunga lifti za majengo. Alikuwa na mke, Kayoko, na watoto wawili wa masomo ya ziada mpaka Jumapili. Kuja kwetu Iwate ni safari ya siku nzima. Hakuna aliyemlaumu.

Aliliweka birika kwenye kijimeza cha chini jikoni, akachomeka umeme. Mama yangu na mimi tulikuwepo, tumeleta tofu, ile jibini ya soya.

"Ukibonyeza maji, linaandika," Noriaki alisema. "Mara mbili kwa siku linanitumia ujumbe kwenye simu yangu ya mkononi. Asubuhi umebonyeza mara ngapi, saa ngapi. Jioni vivyo hivyo. Ndani mna kiredio kidogo kama cha simu."

"Kwa hiyo linakupigia simu," Bibi Towa alisema.

"Halipigi, mama. Kupiga simu ni kushika laini nzima, kuanzia wewe mpaka mimi..."

"Kushika laini usinifundishe."

Mama yangu alicheka. Noriaki naye alicheka, akainamisha kichwa.

Kabla wengi wetu hatujazaliwa, Bibi Towa alikuwa opereta wa simu za ushirika wa wakulima. Miaka kumi na saba alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, akichomeka nyumba hii kwenye nyumba ile. Nyumba mia moja na ishirini, na nyumba nane nane zilichangia waya mmoja, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mlio wake ili watu wajue nani anaitwa. Mlio wa nyumba ya Bibi Towa ulikuwa mmoja mrefu na miwili mifupi. Saa sita mchana alisoma matangazo kwenye kipaza sauti kilichokuwa kila jikoni: bei ya kabichi, nani amefiwa, daktari wa ng'ombe anakuja lini. Wazee wa huku hata leo wakimsikia akisema "habari za mchana" dukani hugeuka. Noriaki mwenyewe alilelewa mgongoni mwake mbele ya ule ubao, amefungwa kwa kitambaa. Alikuwa mtoto wa kulia, lakini mama yake akianza kuunganisha watu, ananyamaza.

"Haya, nieleze hili," Bibi Towa alisema.

Noriaki alichuchumaa. Alikuwa mtu wa kueleza vizuri, nadhani ndivyo alivyoeleza lifti kwa wateja. "Hili halishiki laini. Linachukua habari, linaikata vipande vidogo vidogo. Kila kipande kinafungwa kama kifurushi cha posta, kinaandikwa anwani, kinarushwa hewani mpaka kwenye mnara kule juu ya bonde. Njiani vinapita pamoja na vifurushi vya watu wengine, maelfu kwa maelfu. Vikifika kwangu vinaunganishwa tena. Hakuna anayemngoja mwenzake. Ndiyo maana bei yake ni ndogo."

"Na wewe uko wapi wakati huo?"

"Popote. Kazini, kwenye treni. Hata nikiwa nimezima simu, ujumbe unaningoja."

"Kwa hiyo upande wa pili hakuna mtu."

"Si lazima awepo, mama. Ndiyo uzuri wake."

Bibi Towa alilitazama lile birika muda mrefu. Lilikuwa jeupe, lina maua ya waridi ubavuni. "Genzo angekuwa na hili," alisema mwishoni, "tungemkuta siku ya pili. Ahsante, mwanangu. Limekugharimu."

Kabla ya birika, Noriaki alimpigia mama yake kila Jumapili saa tano asubuhi. Hawakuwa na mengi ya kusema. Theluji imefika wapi, watoto wanaendeleaje, goti. Lakini Bibi Towa saa nne na nusu alishachana nywele. Simu yake ilikuwa kwenye rafu ya korido, nyeusi ya zamani, na alizungumza nayo akiwa amesimama wima kama yuko ofisini.

Jumapili ya kwanza baada ya birika, Noriaki alipiga. Tulikuwa tunamenya kaki. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo. Ndiyo, mbili. Ya kwanza ya baba yako." Alirudi, akacheka puani. "Ananiambia nimekunywa chai. Mimi! Ananiambia mimi kwamba nimekunywa chai."

Jumapili ya pili simu ilikuwa fupi. Ya tatu haikupigwa, alikuwa na mkutano. Ya nne alipiga Jumatatu, akasema ameona mama yuko salama ndiyo maana hakuharakisha. Mwezi wa kwanza ulipoanza, saa tano ya Jumapili ilipita kama saa nyingine yoyote, ila Bibi Towa aliendelea kuchana nywele.

"Mpigie wewe," mama yangu alimwambia.

"Mtu yuko na familia yake siku yake moja ya kupumzika, nimsumbue?"

"Si mwanao?"

"Ndiyo maana."

Ndipo alipojaribu kusema kwa birika. Niliona kwa dirisha kabla sijaelewa. Saa sita kamili mchana, saa ya matangazo yake ya zamani, alipiga magoti mbele ya kijimeza na bakuli mkononi. Alibonyeza, akashikilia. Maji yakatoka mengi. Akaachia. Halafu akabonyeza haraka haraka, mara mbili. Maji akayamwaga kwenye sinki. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Siku ya nne nilikwenda nikamwuliza anafanya nini.

"Namwita," alisema. "Mmoja mrefu, miwili mifupi. Ule mlio anaujua tangu akiwa mgongoni. Akiuona atajua namtaka."

Simu sikuwa nayo, lakini mama yangu alikuwa nayo, na nilijua ujumbe unavyokuja: maandishi, basi. Ilifaa niseme siku ile. Niliona anavyofuta maji mezani kwa upande wa kiganja, nikanyamaza.

Siku ya tisa simu nyeusi ililia. Bibi Towa aliikimbilia, na kwa umri wake hakukimbia tena kwa kitu chochote. Safari hii alisahau kusimama wima, akainama na chombo cha simu mbali na sikio, na sauti ya Noriaki niliisikia hata mimi.

"Mama! Kayoko naye amefurahi. Siku hizi unakunywa chai hata mchana. Daktari wako si alisema uongeze maji?"

"Umeona?"

"Nimeona. Saa sita kila siku."

"Umeona nini?"

"Mara tatu, mama."

"Mara tatu vipi?"

"Vipi tena? Mara tatu. Imeandikwa: saa sita mchana, mara tatu."

Upande wa pili mtoto alisema jambo, Noriaki akamjibu, akarudi. "Mama, upo?"

"Nipo. Ndiyo, nakunywa sana. Chai ya mwaka huu ni nzuri."

"Vizuri. Halafu, mama, wiki ya pili ya mwezi ujao nina ukaguzi wa wakubwa kutoka makao makuu. Nitakuwa nimebanwa kabisa, hata kupokea simu sitaweza. Usione kimya ukadhani vibaya."

"Fanya kazi yako."

Alirudisha chombo mahali pake, akakaa nami, akachukua kisu. Aliimenya kaki moja mpaka ikabaki kokwa.

Wiki ya pili ya mwezi wa pili theluji ilianguka siku tatu bila kupumzika. Jumatatu jioni Bibi Towa alitoka mlango wa nyuma kupunguza theluji ya kibarazani, bonge likateleza kutoka kwenye paa, likamwangusha. Nyonga ilivunjika. Alijivuta mpaka ndani, akafunga mlango, akafika jikoni, na hapo nguvu zikamwishia. Simu ilikuwa kwenye rafu yake ya korido, juu. Birika lilikuwa chini, karibu na kichwa chake.

Hapa ndipo watu wa nje ya Kamisawa wakisimuliwa hawaamini. Angefanya kitu kimoja tu: asibonyeze. Asubuhi ingepita bila chai, Noriaki angeona, angempigia mama yangu, tungevunja mlango kabla ya saa mbili. Birika lilinunuliwa kwa ajili ya siku ile hasa.

Alibonyeza. Jumanne saa kumi na moja na dakika arobaini alinyoosha kijiti kirefu cha kuvalia viatu, alichoingia nacho mkononi, akasukuma kitufe. Mara mbili. Maji ya moto yalimmwagikia mkono na shingo. Jioni akabonyeza. Jumatano akabonyeza. Maji mengine aliyanyonya kwenye mkeka.

Na mimi niliona taa ya jikoni kwake inawaka, nikasema yupo. Taa iliwaka hata mchana. Alhamisi theluji ilipokatika nilitoka na koleo, nikaona mbele ya mlango wake hakuna hata alama moja ya mguu, na rundo la kibarazani halijaguswa. Nikamwita mama.

Tulimkuta macho wazi. Kitu cha kwanza alichosema: "Samahanini, sakafu ni chafu."

Gari la wagonjwa lilipokwisha kumchukua, mama yangu alimpigia Noriaki. Hakupokea. Alipiga tena na tena, akapiga ofisini kwao, akamtoa mkutanoni. Aliniwekea simu karibu ili nami nisikie, sijui kwa nini, labda alitaka shahidi.

"Haiwezekani," Noriaki alisema. "Leo asubuhi amekunywa chai."

"Noriaki, tumemwokota sakafuni. Tangu Jumatatu."

"Ninayo hapa. Jumanne mbili, jioni moja. Jana mbili, jioni moja. Leo mbili. Dada, huenda mmechanganya siku."

"Mkono wake umeungua malengelenge kwa hilo birika lako! Siku gani nichanganye?"

Tukasikia watu nyuma yake wakizungumza, na mlango wa lifti, ule unaolia kengele.

"Lakini kama aliweza kubonyeza," alisema polepole, "kwa nini alibonyeza?"

Jibu mama yangu alilipata hospitalini, alipomwuliza Bibi Towa mwenyewe. "Wiki ile alisema ana ukaguzi," Bibi Towa alisema, kana kwamba anamweleza mtoto. "Nisingebonyeza, ujumbe ungemkuta mbele ya wakubwa wake."

Noriaki alikuja Jumamosi. Alimletea keki ya ndizi ya Tokyo na sanduku jingine jeupe, dogo, la kubandika kwenye mlango wa choo. Hili nalo lilikuwa na kiredio chake, likituma habari kila mlango unapofunguliwa. "Birika mtu anaweza kulibonyeza hata kama ni mgonjwa," alisema. "Lakini mlango wa choo hauwezi kudanganya." Mama yangu alitoka nje ya wodi akajifanya anatafuta chombo cha maua.

Mimi nilibaki kwenye kiti cha kona.

"Noriaki," Bibi Towa alisema. "Keti."

"Nimeketi, mama."

"Nilishika waya miaka kumi na saba. Watu walikuwa wakipiga, hawasemi. Mke wa Matsunosuke alikuwa akinipigia kila siku saa kumi, hasemi. Mumewe anampiga, afanye nini. Nasikia anapumua, nami nasema nipo. Dakika tano, kumi, waya umeshikwa, nyumba saba nyingine zinangoja na kunitukana. Hajawahi kuniambia neno. Lakini siku aliyopumua vibaya nilijua, nikamtuma polisi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sitaki kitu cha chooni. Nataka Jumapili saa tano unipigie. Huna la kusema, usiseme. Shika laini tu."

"Mama, wewe mwenyewe ndiye uliyebonyeza," Noriaki alisema. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nimefanya kila kitu. Nimelipa, nimeangalia kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Ungeniacha nijue. Wewe ndiye uliyebonyeza."

"Ndiyo," Bibi Towa alisema. "Ni kosa langu. Jumapili saa tano."

"Nitapiga. Nakuahidi."

Bibi Towa alirudi nyumbani mwishoni mwa mwezi wa nne, na fimbo, theluji imebaki kwenye mifereji tu. Noriaki hakuweza kuja kumtoa hospitali. Mama yangu ndiye aliyekwenda na gari la kukodi.

Jumapili ya kwanza simu ililia saa tano na dakika mbili. Walizungumza dakika sita. Bibi Towa alituletea keki ya maharage jioni, akijisaidia na fimbo, akakataa nimchukulie sahani. Jumapili ya pili alipiga Kayoko. Noriaki amekwenda na mtoto kwenye mechi, anaomba radhi. Kayoko alikuwa na adabu, alizungumza haraka, akauliza mara mbili kama birika linafanya kazi sawasawa.

Jumapili ya tatu nilikuwa kwake tangu asubuhi, tunapanda vitunguu kwenye debe. Saa nne na nusu aliosha mikono, akachana nywele, akavaa sweta ya kijivu ya enzi zake za kazini. Akakaa koridoni kwenye kiti chini ya rafu. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Nilimletea chai, hakuigusa. Saa sita mama yangu aliingia kwa mlango wa nyuma, simu yake ya mkononi imefunguliwa mkononi.

"Towa," alisema, hakumwita bibi. "Kayoko ameniandikia mimi."

"Soma."

"Wewe soma."

"Sina miwani. Soma."

Mama alisoma. "'Samahani kwa usumbufu. Noriaki ameona kwamba mama yake leo amekunywa chai kama kawaida, kwa hiyo ametulia. Mwambie leo tumetoka na watoto. Tunamwombea afya.'"

Bibi Towa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei ya kabichi.

"Andika, 'ujumbe umefika,'" alisema.

Aliinuka. Alikwenda chumbani, tukasikia droo. Alirudi na begi la kitambaa alilotoka nalo hospitali, amelijaza, na ile picha ya mumewe imefungwa kwenye taulo. Mama yangu alisimama njiani.

"Unakwenda wapi na hiyo nyonga?"

"Basi la saa saba. Naenda Tono, kwa Mise." Mise alikuwa mwenzake wa zamani kwenye ule ubao, mjane sasa, anauza uzi na vifungo. "Kila mwaka ananiandikia nije. Anakoroma, tena hanyamazi hata akila, anakutemea wali usoni."

"Kwa siku ngapi?"

"Ana chumba."

"Towa. Nimwambie nini Noriaki?"

"Hajakuuliza."

"Na birika? Asubuhi nije nilibonyeze, asije akapata wasiwasi?" Mama yangu hakutania. Ndivyo tulivyo, tungeweza kulibonyeza mwaka mzima.

"Wewe ukitaka kunywa chai," Bibi Towa alisema, "kunywa."

Alivaa viatu akiwa ameketi mlangoni, mmoja mmoja, hakutaka kusaidiwa. Nilibeba begi mpaka kwenye geti lake, hapo akalichukua. Akaniangalia. "Vitunguu vitie maji kidogo tu," alisema. Akashuka barabara ya bonde, fimbo upande wa kulia, begi kushoto, anapumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Kwenye jengo la zamani la ushirika, ambalo siku hizi ni ghala la mbolea, hakupunguza mwendo. Basi lilikuja likiwa tupu. Dereva alishuka kumshika mkono, naye akampa begi tu, akapanda mwenyewe.

Tulimngoja jioni ile, tukamngoja wakati wa kupanda mpunga. Hakurudi.